Vayolini Imekauka Koo

Kijana anayetaka kuishi kwa vayolini hapa Dodoma, mwajiri wake wa kwanza ni kamati ya harusi. Mazoezi ya skeli na ya muziki wa Bach ni ya usiku. Mchana ajifunze kudai nusu ya malipo kabla ya siku yenyewe, sahani ya chakula, na kiti kisicho na mikono, maana chenye mikono kinagonga kiwiko cha mkono unaoshika upinde. Kamati yangu ilikubali yote. Hali ya hewa haikuwa na mjumbe kwenye kikao.

Ilikuwa Agosti, bustani ya wazi, upepo unavuma na vumbi lake. Karatasi za muziki nilizibana kwenye stendi kwa vibanio vya nguo, kwa hiyo zilitulia. Vayolini ndiyo iliyokuwa na lake. Ilikuwa imekaa Dar es Salaam, ikapanda nami treni ya SGR asubuhi hiyo. Mbao iliyozoea unyevu wa pwani ikifika kwenye ukavu wetu husinyaa. Pegi nne zinazoshika nyuzi hazina skrubu wala gundi, zinashikiliwa na msuguano tu, kwa hiyo zikisinyaa zinaachia.

Bibi harusi akatokeza. Alikuwa amefundishwa kupiga hatua moja kwa kila noti ndefu. Nikapiga ya kwanza, akapiga hatua. Ya pili ikatoka prrrrr! Uzi wa A umelala. Nikahamia D. Prrrrr!

MC hakukosa la kusema: "Ndugu wageni, makofi tafadhali, hiyo ndiyo klasiki yenyewe!" Makofi yakapigwa. Mama mkubwa wa bwana harusi akaongeza vigelegele. Bibi harusi akabaki mguu mmoja mbele, anasubiri noti.

Mzee mmoja wa Kigogo, babu yake bibi harusi, akanyanyuka na zeze lake alilokuja nalo kwa ajili ya baadaye.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Kazeze kako kamekauka koo. Kapake chaki."

Harusi ya Dodoma haikosi mwalimu. Kipande kikatoka kwenye pochi ya shangazi.

Babu alikuwa sahihi kabisa. Unachomoa pegi moja, unapaka chaki pale inapogusana na mbao, unairudisha, kisha unakaza huku unaisukuma kwa ndani. Mizunguko ya uzi ielekee ukuta wa upande wa kichwa cha pegi, ili uzi wenyewe uivute ndani. Fanya moja, imalize, ndipo uende nyingine. Ukilegeza zote nne kwa pamoja, daraja linalobeba nyuzi linaanguka, na kijiti cha ndani kinachosimama kwa kubanwa tu kinaweza kuanguka pia. Hicho hakirudi kwa vidole: kinataka chuma maalumu kilichopinda, kipitishwe kwenye tundu lililo pembeni mwa daraja, na fundi mwenye subira. Sabuni kavu ni ya pegi iliyogoma kuzunguka. Mgeni mmoja alinishauri niipake hapohapo, angeniua.

(Kinga ni rahisi: kopo la sabuni lililotobolewa, ndani sifongo iliyoloweshwa ikakamuliwa hadi isidondoke, likae kwenye kasha la vayolini miezi yote ya kiangazi.)

Nikiwa nimeinama, simu sikioni nikiitafuta A ya hezi 440 kati ya vigelegele, babu alikalia kiti changu kisicho na mikono. Zeze likaanza. Bibi harusi akasahau hatua za mafunzo, mabega yakachukua kazi. Noti za elfu kumi zikaanza kubandikwa kwenye paji la uso la babu.

Nilipomaliza kutyuni, keki ilishakatwa.

Mweka hazina akaja mbio na daftari. Akamwomba babu namba ya simu kwa ajili ya harusi ya mdogo wake, kisha akanigeukia kwa upole: "Na wewe kijana, siku hiyo utaweza kumbebea zeze?"