Mshahara Uliokatwa Oktoba 1966: Je, Mfano wa Kiongozi Asiyejipendelea Bado Una Kazi?

Kila tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1999, mbio za Mwenge wa Uhuru hufikia kilele na hotuba za kumuenzi husikika kutoka uwanjani hadi redioni. Nyingi kati ya hotuba hizo huishia kwa vijana, ambao huambiwa kwamba wamesahau uzalendo na wanataka kila kitu kwa haraka. Vijana nao wana jibu lao, ingawa si mara nyingi wapewe kipaza sauti: Mwalimu aliishi katika nchi nyingine kabisa, na mfano wake haulipi kodi ya chumba. Hesabu ziko upande wao. Sensa ya 1967 iliikuta Tanzania ina watu milioni 12.3, ile ya 2022 ilihesabu milioni 61.7, na zaidi ya nusu ya hao walikuwa hawajazaliwa Mwalimu alipofariki. Kwa wengi wao, Nyerere ni sura iliyo kwenye noti ya shilingi 1,000.

Kabla ya kuuliza kama mfano wa mtu asiyejipendelea bado una kazi katika nchi inayobadilika kwa kasi hivi, inafaa tukumbuke jinsi mfano wenyewe ulivyopatikana. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa vyuo vingine, waliandamana kupinga sharti la kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, ambapo kwa sehemu kubwa ya muda huo wangelipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Rais aliwapokea Ikulu na kuwasikiliza. Katika malalamiko yao kulikuwa na hoja iliyomchoma, kwamba viongozi waliowataka wajinyime walikuwa wenyewe wakilipwa mishahara minono. Mwalimu alikasirika, lakini hakuikana hoja hiyo. Alikubali kwamba mishahara ilikuwa mikubwa kupita kiasi, na papo hapo akatangaza kuupunguza wa kwake kwa asilimia 20, hivyo shilingi 5,000 za mwezi zikawa 4,000. Kisha akawafukuza chuoni wanafunzi wapatao 400 na kuwarudisha makwao, ingawa baadaye wengi walisamehewa.

Sehemu ya mshahara husimuliwa sana na ile ya kufukuzwa husimuliwa kidogo, ilhali zote mbili ni za siku moja. Kiongozi alijinyima kwa sababu aliulizwa, na waliomuuliza ni vijana wa umri ule ule ambao leo huitwa uwanjani kuja kusikiliza, wala hawatarajiwi kuuliza.

Wanaosema mfano huo bado una thamani wana hoja nzito. Kwenye sherehe za Mei Mosi mwaka 1995 kule Mbeya, Mwalimu alisimama na kuzungumzia rushwa na watu wanaoikimbilia Ikulu, akisema kwamba Ikulu ni mahali patakatifu. Maneno kama hayo yangeweza kusemwa na yeyote, ila kwa mtu mwingine pangetokea mtu wa kumjibu, "Na wewe je?" Kwake swali hilo halikuwa na pa kushika, kwa kuwa watu walijua kwamba baada ya kuondoka madarakani mwaka 1985 alirudi Butiama kulima. Hii ndiyo faida ya kwanza ya mfano wa maisha: humpa msemaji haki ya kusema. Faida ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni kwamba huwapa wengine kipimo. Mwananchi ambaye hajawahi kusoma sheria yoyote ya maadili anaweza kumtazama kiongozi wa leo na kusema kwamba yule wa zamani hakufanya hivi, na hoja yake ikaeleweka mpaka kijiweni.

Hata hivyo, uadilifu huo huo ulikuwa na upande mwingine ambao wanaomuenzi Mwalimu huupita haraka. Kiongozi asiyeiba ni mgumu kupingwa. Mwaka 1973 kuishi katika vijiji vya ujamaa kulipogeuzwa kuwa amri, na katika miaka mitatu iliyofuata mamilioni ya watu wakahamishwa, wengine kwa nguvu na nyumba zao zikiharibiwa nyuma yao, hakuna aliyeweza kudai kwamba Rais anafanya hivyo kwa maslahi yake. Nia ilikuwa safi, na usafi huo ukaifunika hoja kwamba mpango wenyewe ulikuwa na kasoro. Kutojipendelea hakumfanyi mtu awe sahihi kuhusu mashamba.

Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba Mwalimu mwenyewe hakuutegemea mfano wake. Miezi isiyozidi minne baada ya kukata mshahara, Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikuja na miiko ya uongozi iliyomkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba za kupangisha. Na kwa kuwa watu ni watu, neno "kiongozi" likafafanuliwa kumjumuisha mke au mume wake. Mtu anayeamini kwamba mfano mwema unatosha haandiki kifungu kinachomtaja mke wa kiongozi.

Miiko hiyo ilimgusa kila mtu kwa uzito tofauti. Miongoni mwa walioipinga alikuwa Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma aliyewaleta wanawake wa Dar es Salaam ndani ya TANU, chama kilichopigania uhuru, miaka ya 1950, na ambaye hakuna anayeweza kusema hakujitolea. Alikuwa ameupoteza ubunge wa Rufiji mwaka 1965, elimu yake ya darasani ilikuwa ndogo, na nyumba za kupangisha zilikuwa kitega uchumi chake. Kwa waziri mwenye shahada, kuacha nyumba kulikuwa usumbufu. Kwa mwanamke wa hali yake kulikuwa kuukabili uzee mikono mitupu. Leo barabara kubwa ya katikati ya Dar es Salaam ina jina lake, na pembeni yake yamesimama majengo marefu ya kupangisha.

Februari 1991, Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kuyalegeza masharti hayo yote. Nisingependa kuwalaumu waliofanya hivyo kwa urahisi ambao wengi wetu huutumia. Katika miaka ya 1980 mishahara ilikuwa imeliwa na kupanda kwa bei kiasi kwamba mtumishi wa umma aliishi kwa miradi, akifuga kuku nyuma ya nyumba au kuuza maandazi, na mwiko unaovunjwa na kila mtu huwafundisha watu unafiki. Kosa naliona kwingine: miiko iliondoka bila mjadala wa wananchi, nayo picha ya Mwalimu ikabaki ukutani. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inamtaka kiongozi atamke mali zake mbele ya Sekretarieti ya Maadili. Kutamka si kuacha, na kuliona daftari la matamko hayo kuna masharti yake.

Ndiyo maana upande wa vijana una uzito ambao hotuba za Oktoba haziugusi. Msomi wa 1966 alitakiwa ausubiri kwa miaka miwili mshahara kamili wa kazi ambayo alikuwa na uhakika wa kuipata. Msomi wa leo hana cha kujinyima, kwa sababu hajapewa. Lugha yenyewe imelikiri jambo hili. Neno "kujitolea", lililokuwa sifa ya mtu mwenye uwezo anayeacha sehemu ya haki yake, sasa ni jina la aina ya kazi: katika shule nyingi za serikali utamkuta mwalimu wa kujitolea, mhitimu anayefundisha vipindi kamili huku akisubiri ajira, pengine kwa posho inayochangwa na wazazi. Kumwambia kijana huyo aige moyo wa Mwalimu ni kumwomba maji mtu aliye kisimani bila kamba.

Kwa hiyo nakubaliana na wazee kwamba mfano ule bado una kazi, ila nahitilafiana nao kuhusu anayepaswa kuusomewa. Mwaka 1966 kujinyima kulianzia juu, tena kwa kulazimishwa na swali la waliokuwa chini. Katika sherehe za Oktoba mgeni rasmi huketi jukwaani, na mwalimu wa kujitolea huwa uwanjani na wanafunzi aliowapanga mistari tangu asubuhi. Ratiba huwa na nafasi ya ngoma, ya shairi na ya risala inayosomwa baada ya kukaguliwa. Nafasi ya mwalimu huyo kuuliza mgeni analipwa kiasi gani haimo.