Yaliyotokea Siku ya Posa, Kabla Hamjaongezewa Chumvi

Zimamoto hawakuja. Nianzie hapo, maana sahib yangu mmoja (simtaji, ila anajijua, na chaja yangu anayo mpaka leo) keshapitisha voisi kwenye magrupu yote ya Unguja kwamba siku ya posa ya mdogo wangu gari la zimamoto lilifika kwetu Kikwajuni. Halikufika. Mzee wa watu, baba mkubwa wa mposaji, naye hakuzimia. Alikaa chini mwenyewe, kwa hiari yake, akaomba maji. Na mie sikutokea dirishani. Dirisha la ukumbini kwetu lina nondo, hata paka huzungukia uani. Nilibaki pale pale nimeshika mpira wa vakyumu, ile mashine ya umeme ya kuvutia vumbi, na afadhali ningezimia mie.

Vakyumu ndiyo iliyoleta yote, kwa hiyo lazima nirudi nyuma kidogo. Wenye haraka rukeni mpaka kwenye jivu.

Mama ana pumu. Nyumba yetu ina mazulia, na njia ya mbele ni vumbi kiangazi na tope masika. Ukifagia zulia kwa fagio la chelewa, vumbi linapaa, linazunguka chumba kizima, linamwingia mama kifuani, halafu linarudi kukaa pale pale lilipokuwa. Posa ilipokaribia nikasema nanunua vakyumu, used, katika zile bidhaa za Ulaya zinazoshushwa na makontena. Plagi ya Kiingereza ya meno matatu inaingia ukutani kwetu bila adapta, raha tupu.

Ugomvi ukaanzia dukani: ya mfuko au ya kopo?

Muuzaji alikuwa nazo zote mbili. Ya mfuko, uchafu unaingia kwenye mfuko wa karatasi ndani ya mashine. Ukijaa unautoa mzima mzima, unautupa, unatia mwengine. Ya kopo, uchafu unazungushwa ndani ya kopo la plastiki linaloonesha. Likijaa unamwaga, unaosha filta, unaendelea na maisha. Mama aliitaka ya mfuko. "Vumbi likishaingia mle halinioni tena," akasema. Mie nikamuuliza muuzaji mifuko ya akiba iko wapi. Akasema ule uliomo ndani ndio huo huo. Nikamuuliza mwengine unapatikana duka gani. Akatazama dari.

Simlaumu. Mifuko ya vakyumu kila modeli ina wake, na tundu lake, na kadibodi yake; ukikosea kidogo tu haukai. Nilizunguka Darajani, nikafika Mlandege, kila duka naonesha picha kwenye simu. Mmoja akanong'ona kuwa anao mfuko wa plastiki, ambao Zanzibar ulishapigwa marufuku miaka na miaka. Nusura nifungwe kwa ajili ya usafi.

Halafu mie ni mtu wa kusoma kabla ya kununua. Nikamsomea mama habari za James Dyson, yule Mwingereza aliyechoshwa na mfuko wa vakyumu yake kuziba, akaona jinsi viwanda vya mbao vinavyotenganisha vumbi na hewa kwa kuizungusha kwa kasi, akaunda mifano 5,127 mpaka akaridhika, na mwaka 1993 akaanza kuuza ya kwanza kwa jina lake mwenyewe. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ana pumu huyo?"

Sikuwa na jibu. Mdogo wangu, ambaye simu haimtoki mkononi, akamtafutia mama wakili wake. Akamkuta James Murray Spangler, mfagiaji wa duka kubwa huko Ohio, Marekani, mwenye pumu kwelikweli. Vumbi la mazulia lilikuwa likimmaliza, akaunganisha mota ya feni, mpini wa fagio na foronya ya mto. Foronya ndiyo ikawa mfuko. Mwaka 1908 akapata hataza yake, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, baadaye akawauzia haki akina Hoover. Mama akanyanyua mikono juu. "Munaona! Mwenye pumu katia mfuko. Mwenye pesa zake katia kopo."

Nikanunua ya kopo. Mlipaji ni mie.

Na tuseme haki, kwa mchanga ile mashine ilikuwa shujaa. Ni ya zamani, wati 1,800. Ulaya tangu Septemba 2017 vakyumu mpya za nyumbani haziruhusiwi kupita wati 900. Yangu ikiwashwa jirani anazima redio, na umeme wa tukuza, ule wa kulipia kabla, unateremka huku unautazama. Mchanga ni mzito, ukizungushwa unatupwa pembeni, unaanguka chini ya kopo, unauona kwa macho. Nilikuwa naita watu waje kutazama uchafu wao. (Mnaocheka, nendeni kwanza mkaangalie chini ya makochi yenu.) Kisichotii ni vumbi laini. Hilo jepesi, haliangukii pembeni, linafuatana na hewa mpaka kwenye filta, na filta ndiyo mlinzi wa mwisho kabla ya mota. Kijitabu kinasema ioshwe, ianikwe saa 24, ikauke kabisa ndipo irudishwe.

Aliyeandika kijitabu hajawahi kuanika kitu Unguja wakati wa masika. Filta niliiosha Ijumaa. Jumapili asubuhi iko kwenye kamba uani, ukiibinya inatoa maji, na mawingu bado yamejaa. Ukiirudisha mbichi inanuka uvundo na mota inavuta unyevu. Ukumbi nilikuwa nimeshaumaliza tangu juzi yake. Basi nikaiacha filta kambani, mashine nikaiegesha ukutani bila filta, kazi yake imekwisha.

Haya, jivu.

Wageni wametoka Wete, Pemba, wameshashuka botini, mjomba anapiga simu kuwa gari zinakunja kona. Mama kafukiza udi, chetezo kakiweka katikati ya ukumbi ili harufu ienee. Mtoto wa dada yangu akapita mbio na gari lake la plastiki. Chetezo kikapinduka. Makaa mama aliyawahi kwa koleo, alhamdulillahi, zulia halikupata ila kidoa. Lakini jivu, yakhe! Duara zima la jivu katikati ya zulia jekundu, pale pale watakapokaa wazee. Mama anasema lete fagio. Mie nasema fagio litalisugua lizame kwenye manyoya. Nje tunasikia milango ya gari inafungwa. "Sekunde tu mama," nikasema, nikachomeka plagi.

Niliiweka mashine kwa utaratibu kabisa. Mpira mbele, kwenye jivu. Mgongo wa mashine ukaelekea mlangoni. Wekeni hilo kichwani, kwa sababu vakyumu yoyote inayovuta hewa mbele lazima iitoe nyuma, na mie nilishamsomea mama habari zote za uvumbuzi isipokuwa hiyo.

"Hodi!"

"Karibuni, karibuni ndani!" mama akaitikia kwa ile sauti ya wageni, sisi wanawe hatujawahi kuisikia ikielekezwa kwetu. Pazia likasogezwa. Nikabonyeza.

Jivu lilitoka zuliani vizuri mno. Niliuona wekundu unarudi, mstari baada ya mstari, nikafurahi roho yangu. Likapita mpirani. Likapita kwenye kopo bila hata kusalimia. Likafika pale ilipopaswa kuwepo filta, likakuta njia nyeupe, likapita motani, likatokea nyuma kwa nguvu ya wati 1,800. Mie nimeinama, mgongo mlangoni, mngurumo umejaa masikioni, sisikii la mwadhini wala la mnadi swala. Nikanyanyua macho nikamuona mama ananipungia mikono yote miwili. Nikajua ananipongeza. Nikampungia na mie.

Nikaendelea. Nilimalizia hata pembeni ya duara, kwa umakini.

Nilipogeuka, aliyekuwa mbele ni baba mkubwa wa mposaji, mzee kuliko wote. Kanzu nyeupe ya pasi, koti jeusi, kofia ya kiua, ndevu katia hina nyekundu kwa ajili ya safari. Nasema hivyo kwa kuwa nimehadithiwa baadaye. Wakati ule havikuonekana. Mkono wake ulikuwa bado umenyooka kwa salamu. "Asalaam" ilishatoka, iliyobaki ilimezwa na jivu. Alisimama kizingitini kama mtu aliyetoka kupakua tanuri la chokaa, macho mawili tu yanapepesa. Nyuma yake wazee walijipanga kwa umri, kwa adabu zao za Kipemba, na jivu likawagawanyikia kwa umri vile vile: wa kwanza kapata fungu lake kamili, wa pili kiasi, wa tatu mabegani, na kijana wa mwisho aliyeshika barua ya posa kaguswa kofia tu. Barua ilisalimika. Sahib yangu anasema iliungua. Iko kabatini kwa mama, aje aione.

Hakuna aliyetamka neno. Mashine bado inanguruma. Mkono wangu ukaenda kutafuta kitufe cha kuzimia, na wakati huo huo nikawa nimeshaibeba mashine kifuani; sijui nilitaka kuifichia wapi. Sasa, ile mashine ina vitufe viwili vya rangi moja. Kimoja kinazima. Cha pili, karibu na mkono wa kulibebea kopo, kinafungua kitako cha kopo ili umwage uchafu kwa raha bila kuchafuka mikono.

Kla!

Uchafu wote tangu siku ya kwanza ukamwagika miguuni kwa mzee. Mchanga, mabonge ya nywele, maganda ya karanga, kifungo cha shati langu, ushanga wa tasbihi ambao mama aliutafuta Ramadhani nzima. Na juu kabisa ya kichuguu, imelala chali, kucha ya bandia. Nyekundu, ndefu, ina kimeti. Nikumbushe kuwa mama alishamwambia mshenga, kwa kinywa chake, kwamba binti yetu mambo ya kucha za dukani hayajui. Mzee aliitazama ile kucha. Mie nikaitazama. Tukaitazama sote, ukumbi mzima. Mama akaja taratibu, anatabasamu, anakohoa, akaikanyaga.

Mashine ikakohoa na yenyewe, ikatoa harufu ya waya kuungua, ikanyamaza. Na ndani ya ule ukimya mzee akajifuta macho kwa leso, akaitazama mashine kifuani mwangu, akaniuliza kwa upole wote wa dunia:

"Mwanangu, hii ndiyo ya kusafishia?"

Hapo ndipo alipokaa chini.

Yaliyobaki nayapitisha mbio. Wazee wakapelekwa kunawa, wakavalishwa kanzu za marehemu baba na za jirani, mmoja ikamfika magotini. Mama kavuta dawa yake, yu mzima, ila nami hakusema mpaka Isha. Posa imekubaliwa na tarehe ya mahari imepangwa. Nywele zangu nimeziosha na kuziosha. Filta ilikauka Jumatano.

Mashine niliipeleka kwa fundi. Akaifungua, mota yote imesagika kwa jivu. Akanambia jivu la makaa si chakula cha vakyumu ya nyumbani, iwe ya kopo iwe ya mfuko: laini mno, linaziba kila kitu, na likiwa na kaa dogo lililo hai ndani yake, mfuko wa karatasi unaweza kushika moto mle mle tumboni mwa mashine. Nilirudi nyumbani nakimbia. Nikamwambia mama, umeona, na ile yako ya Spangler ingewaka! Mama alikuwa anachambua mchele, hakunyanyua kichwa. "Basi yule sahib yako angekuwa kasema kweli," akasema.

Sasa anaagizia ya mfuko kwa dada yake aliyeko Uingereza, na mifuko ya mwaka mzima, kwa pesa zangu. Sikubishana.

Jana shangazi wa mposaji kamtumia mama ujumbe kutoka Wete. Anauliza siku ya kuleta mahari vakyumu itakuwa imewashwa, ili wajue wavae rangi gani. Mama akamjibu kwa voisi, mbele yangu, anakata maneno vizuri: "Vaeni mtakacho, shoga yangu. Siku hiyo huyu tutampeleka Bububu."