Maiti Kwenye Daftari la Binti Yangu

Mchezo wenyewe hauna gharama: karatasi moja na kalamu. Wa kwanza anaandika mwanzo wa hadithi, anakunja karatasi ili kuficha alichoandika, anabakiza neno moja au mawili ya mwisho, kisha anampa mwenzake aendeleze. Utamu wote uko kwenye neno hilo lililobaki. Ukifunga sentensi yako kwa nukta, umeua mchezo. Ukimwachia mwenzako "naye" au "kumbe" inaning'inia, hapo ndipo mambo huanza.

Jumamosi hiyo nilianza mimi, nikaandika habari za baba na gunia, nikabakiza "ndani yake". Mama mkwe, aliyedhani tunazungumzia nyumba, akaendeleza kwa ule mwandiko wake wa heshima. Kitinda mimba hajui kuandika bado, kwa hiyo humnong'oneza dada yake; na katika umri wake wahusika wote hufa, hata wakiwa mawingu. Binti akaongeza lake, mke wangu akamalizia. Tulipokunjua na kusoma kwa sauti, mama mkwe alicheka mpaka akavua miwani.

Kumbe binti alikuwa na kazi ya nyumbani: aandike yaliyotokea kwao mwisho wa juma. Akaona ajisumbue ya nini, na watu watano wameshamfanyia? Akainakili neno kwa neno:

"Jumamosi usiku, watu wote walipolala, baba alirudi na gunia zito. Ndani yake mlikaa mgeni mmoja mpole, asiyekula wala kunena, naye amekufa. Mama akasema tusimwambie mtu yeyote, hasa jirani, kwa sababu bado anamtafuta."

Chini yake akachora gunia. Lilikuwa na miguu.

Nikaitwa shuleni. Mwalimu wa darasa alikuwa amesahihisha vizuri kabisa, hata alama ya vema kwenye herufi kubwa ilikuwepo. Mwalimu mkuu alikuwa amefunga madirisha.

"Karibu uketi, mzazi," akasema. "Hatuna haraka. Tueleze tu kuhusu huyu mgeni."

Nikasema ni mchezo.

"Mchezo gani?"

Mtu mwingine angejibu "wa watoto" akaenda zake. Mimi nilitaka uonekane una hadhi, nikaanza historia. Nikawaambia ulichezwa Paris tangu mnamo 1925 na washairi na wachoraji, watu wa kundi la mshairi Mfaransa André Breton, na kwamba baadhi yao hawakuandika bali walichora: mmoja kichwa, wa pili kiwiliwili, wa tatu miguu, kila mmoja bila kuona kazi ya mwenzake.

Mwalimu wa darasa akalitazama tena lile gunia.

"Na jina lake?"

Jina nilikuwa nalijua, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yangu. Sentensi mojawapo ya mwanzo waliyoipata wale jamaa ilisema maiti nzuri itakunywa divai mpya, na mchezo ukapewa jina hapo hapo.

"Unaitwa Maiti Nzuri," nikasema.

Mwalimu mkuu akaweka kalamu mezani polepole, kama mtu asiyetaka kumshtua nyoka.

Niliona maneno yanazidi kunizamisha, nikaomba karatasi tucheze. Wakatazamana. Mwalimu mkuu, kwa cheo chake, akaanza. Aliandika kwa muda mrefu huku akitabasamu, akakunja, akabakiza "kila asubuhi". Mwalimu wa darasa hakufikiri hata kidogo. Bila shaka alikuwa na mwanafunzi fulani moyoni, maana aliandika kwa hasira, akanibakizia "kumbe". Nami nikamalizia na la kwanza lililonijia.

Kanuni ni kwamba aliyeanza ndiye anayesoma, tena kwa sauti. Mwalimu mkuu akakohoa, akakunjua:

"Mwalimu mkuu ni kiongozi mwenye busara na nidhamu, ambaye kila asubuhi huchelewa, akiulizwa husingizia tumbo, kumbe amelala kabatini akinyonya kidole."

Mwalimu wa darasa aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Mwalimu mkuu aliisoma tena, safari hii kimya, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Mzazi," akasema, "hii tusimwambie mtu yeyote."