Ubongo wa samaki wa miambani: tofauti huingia lini?

Mvuvi wa Kibirizi au Katonga, hapa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, haitaji darasa kujua kwamba kuna samaki wa miambani ambao ukiwashika na kuwabana mashavu, mayai hutoka mdomoni. Ni wa ukoo wa sikilidi, ukoo wa kuhe na perege, na wengi wao hulea kinywani. Ndani ya yai la namna hiyo kuna swali linalowagawa wanasayansi, na naamini sisi wa Kigoma lingetuhusu kuliko tunavyodhani.

Ubongo wa kila mnyama mwenye uti wa mgongo, awe samaki, kuku au mtu, huanza kama mrija. Katika mrija huo jeni huwaka na kuzima kwa mpangilio. Hapa inawaka moja, hatua chache mbele inawaka nyingine, na zinapopakana panachorwa mpaka. Seli zilizo upande mmoja zitakuwa telensefali, sehemu ya mbele kabisa. Zilizo nyuma zaidi zitakuwa thalamasi, ambayo pamoja na mengine hupokea habari za macho. Sasa chukua samaki wawili wa ukoo mmoja, huyu ana telensefali kubwa, yule ana thalamasi kubwa. Tofauti hiyo iliingia lini? Mipaka ilipochorwa, au baadaye, seli zilipokuwa zinazaliana ndani ya mipaka ambayo ni ileile kwa wote?

Kwa muda mrefu jibu la pili ndilo lililotamba. Mwaka 1995 wanasayansi Barbara Finlay na Richard Darlington walichambua vipimo vya bongo za aina 131 za mamalia, wakaona kwamba ukijua ukubwa wa ubongo wote unaweza kukisia vizuri ukubwa wa karibu kila sehemu, isipokuwa ile ya kunusa. Maelezo yao ni mepesi kuyashika: utaratibu wa kuzaliwa kwa seli za neva ni uleule, na sehemu inayochelewa kumaliza kuzalisha seli ndiyo inayokuwa kubwa, kwa sababu ilipata muda zaidi.

Upande huu una hoja nyingine nzito. Kugusa mipaka ya mwanzo ni hatari. Huko Idaho, Marekani, kondoo wenye mimba waliokula mmea fulani wa milimani karibu na siku ya 14 walizaa wanakondoo wenye jicho moja katikati ya uso. Sumu ya mmea huo, siklopamini, huziba ishara ya jeni iitwayo shh, mojawapo ya jeni zinazochora ubongo wa mbele. Ikiwa kuvuruga siku moja tu kunaleta maafa kama hayo, ni rahisi kuamini kwamba maumbile yameiacha hatua hiyo bila kuigusa.

Ndipo mwaka 2010 kundi la mwanasayansi Todd Streelman, kutoka chuo kikuu cha Georgia Tech, Marekani, lilipoleta habari kutoka Ziwa Nyasa. Walilinganisha viinitete vya sikilidi wa miambani na vya wale wa mchangani. Wa miambani wana telensefali kubwa zaidi, wa mchangani thalamasi. Lakini tofauti ilionekana mapema sana, katika mahali na wakati ambapo jeni za shh, wnt1, irx1b na wenzao huwaka. Mpaka wenyewe ulikuwa umechorwa tofauti. Kisha wakaviwekea viinitete vya miambani dawa ya lithiamu kwa kipimo na saa maalumu, ili kuongeza nguvu ya ishara ya jeni za wnt, navyo vikakuza ubongo wa mbele unaofanana sana na wa mchangani.

Jaribio hilo limenishawishi, na sababu ni wale wanakondoo. Kule shh ilizibwa. Huku hakuna kilichozibwa, ishara zilisogezwa kidogo tu, na samaki akapata ubongo mzima wa mpangilio mwingine. Kumbe hatari iko katika kuvunja mpaka; kuusogeza ni jambo jingine kabisa.

Hata hivyo sikubali kwamba hoja ya 1995 imezikwa. Lithiamu hugusa mambo mengi ndani ya seli, na kuonyesha kwamba njia fulani inaweza kuleta tofauti si sawa na kuonyesha kwamba ndiyo iliyoileta. Tena samaki wa Nyasa ni ndugu wa karibu mno, waliotengana juzi kwa hesabu za mageuko, wakati mamalia waliopimwa wametengana kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Huenda kila upande ulikuwa unatazama umbali wake wa undugu.

Hapo ndipo ninapoutazama mji wangu. Ziwa Tanganyika lina umri unaokadiriwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12, na sikilidi wa aina zaidi ya 200, wengi hawapatikani kwingine duniani. Humo kuna ndugu wa karibu na ndugu wa mbali, wa miambani na wa mchangani, katika maji yaleyale. Utafiti wa mwaka 2007 ulipima bongo za samaki waliokomaa wa ziwa hili, ukahusisha umbo la ubongo na makazi pamoja na maisha yao ya kijamii. Ni kazi nzuri, ila ubongo uliokwisha kukomaa hausemi mpaka ulisogea lini. Kwa swali hilo lazima uwe na yai, ulijue la nani, na ulipate siku zake za mwanzo. Wanaojua samaki yupi hubeba mayai, mwamba gani, msimu upi, ni hawa vijana wanaozamia ufukweni kwetu, na ningependa utafiti wa namna hii uanzie kwao na ufanyiwe hapahapa Kigoma.

Ila miamba yenyewe haitungoji. Vilima vimekatwa miti, na kila masika tope linateremka hadi ziwani na kufunika mawe ambayo samaki hawa hujificha, hula na kuzaana juu yake.