Hapa Baltimore soda iko jirani, mchicha uko mbali

Ndugu zangu wa Dar wakipiga simu huuliza kama huku tunakula kuku kila siku. Kuku wapo, tena wa kukaanga, kila kona. Kinachokosekana ni mboga. Naishi West Baltimore, Marekani, na hapa mtaani soda unaipata kwa kuvuka barabara tu, ila ukitaka mboga mbichi za majani upande mabasi mawili.

Kwenye duka la kona muuzaji kajifungia nyuma ya plastiki nene. Unamwonyesha kwa kidole, anakupitishia bidhaa kwenye kisanduku kinachozunguka. Amejaza krispi za pakiti, tambi za kuloweka, sigara na bia. Matunda ni ndizi chache zilizoanza kuwa nyeusi, zinauzwa mojamoja.

Jirani yangu, mama mtu mzima anayetembelea fimbo, hungoja kadi yake ya SNAP, ule msaada wa chakula wa serikali, iingizwe hela. Ni mara moja kwa mwezi. Hapo ndipo humlipa kijana mwenye gari ampeleke supamaketi. Anajua harudi huko mpaka mwezi ujao, kwa hiyo ananunua visivyooza: vya kopo, vya kugandishwa, unga. Daktari kamwambia ale mboga za majani kwa sababu ya kisukari. Azile vipi, wakati wiki ya pili zimeshaoza? Inaniuma kila nikimwona anapandisha ngazi na mifuko ile.

Jiji lenyewe lilichora ramani mwaka 2018 na kukuta karibu mtu mmoja kati ya wanne anaishi maeneo ya namna hii, Weusi wakiwa wamebanwa zaidi. Mambo haya yalitengenezwa. Mwaka 1910 Baltimore ilitunga sheria ya kutenganisha mitaa ya Weupe na ya Weusi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria za aina hiyo mwaka 1917, lakini benki ziliendelea kuinyima mikopo mitaa ya Weusi, na wenye supamaketi wakawafuata wenye magari nje ya mji.

Wapo bado Arabbers, wazee na vijana Weusi wanaopitisha matunda kwa mkokoteni wa farasi huku wakinadi kwa sauti. Wamebaki wachache sana. Nikiwasikia namkumbuka mama wa genge wa Manzese, kule Dar.

Pale Manzese, mwenye shilingi mia chache hakosi fungu la nyanya, kitunguu na mchicha uliochumwa alfajiri. Ukipungukiwa anakuandika daftarini. Hakuna nauli, hakuna friji, unanunua cha leo unapika leo. Mboga za Bonde la Msimbazi zina shida yake ya maji machafu, nalijua hilo, na linahitaji kushughulikiwa. Na chakula kuwa karibu hakutoshi: Iringa inavuna mahindi kwa wingi, lakini utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Yai, maziwa na samaki bado ni vya mwenye nazo. Hata hivyo maskini wa Manzese anaifikia mboga kwa miguu yake, na jirani yangu haifikii.

Ndiyo maana mwaka 2021, machinga walipoondolewa barabarani, niliumia. Sipingi utaratibu, mitaro ilizibwa, watu wa miguu walikosa njia. Lakini genge likipelekwa kwenye soko la mbali, mteja anaongezewa nauli, na mwenye hela ndogo ataishia kununua maandazi na soda za jirani. Manispaa zinapopima viwanja vipya huko Chanika na Kibamba, zitenge eneo la magenge ndani ya kila mtaa kama zinavyotenga la zahanati, lenye paa, maji na choo, na ushuru ambao mwenye mafungu kumi ya mchicha anaweza kuulipa.