Mkaguzi wa Nyumba Aje Kabla ya Hasara au Baada Yake?

Mkazi wa Nakuru anayeikatia bima nyumba yake ya kuishi, hasa asiyedaiwa mkopo na benki, mara nyingi hatembelewi na mtu yeyote. Hujaza fomu kwa wakala, akaeleza kwamba kuta ni za mawe na paa ni la mabati au vigae, akaandika thamani anayoikadiria mwenyewe, akalipa, na mkataba ukaanza kufanya kazi. Mgeni wa kwanza kutoka upande wa kampuni huja siku ambayo jikoni kumeungua au dari imeporomoka, naye ni mkadiriaji wa hasara, mtu ambaye kazi yake ni kuuliza kilichosababisha hasara, kama mkataba unaikubali, na kama yaliyoandikwa katika fomu yalikuwa kweli. Kwa hiyo suala la kweli katika bima ya nyumba nchini Kenya si kama nyumba itakaguliwa. Itakaguliwa. Suala ni kama ukaguzi huo utafanyika wakati ambapo kasoro bado inaweza kurekebishwa.

Wanaotetea ukaguzi wa mapema huanza na hatari zenyewe, na katika sehemu hii ya nchi hawana shida ya kupata mifano. Sehemu kubwa ya Nakuru imekaa juu ya majivu ya volkeno, udongo mwepesi ambao maji ya mvua hupenya na kuuchimba kutoka chini bila dalili juu, kama ilivyoonekana Machi 2018 ardhi ilipopasuka karibu na Mai Mahiu na kukata barabara. Kwenye uwanda wa Kano, upande wa Kisumu, tatizo ni udongo mweusi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na msingi uliochimbwa kwa kina kidogo husogea nao. Kisii na Kakamega zinajulikana kwa radi. Mtu mwenye ujuzi akizunguka nyumba kwa saa moja hutambua mambo ambayo fomu haiwezi kuyauliza: ufa wa mshazari kwenye kona ya dirisha, maji ya paa yanayomwagwa kando ya msingi, soketi moja inayobeba friji, pasi na jiko la umeme, mtungi wa gesi uliowekwa mahali pasipopitisha hewa.

Hata hivyo, faida ninayoiona kuwa kubwa zaidi haimo katika nyufa wala nyaya, bali katika hesabu ya thamani. Wengi hukata bima kwa bei ya soko, au kwa kiasi walichotumia kujenga miaka mingi iliyopita, ilhali kinachotakiwa ni gharama ya kujenga upya leo, pamoja na kuondoa vifusi na kuwalipa wataalamu. Tuseme nyumba iliyoko Ngata ingegharimu shilingi milioni 8 kuijenga upya, lakini mwenyewe ameikatia bima ya milioni 5. Moto unaharibu sehemu yenye thamani ya shilingi 1,600,000. Yeye anaamini kwamba hasara hiyo iko chini kabisa ya milioni 5, hivyo atalipwa yote. Mkataba wa kawaida, hata hivyo, una kipengele cha uwiano kinachomchukulia kama aliyejibebea mwenyewe sehemu iliyopungua, na fidia inakuwa tano juu ya nane ya hasara, yaani shilingi 1,000,000, kabla hata ya kutoa kiasi ambacho mteja hujibebea katika kila dai. Kosa la upande wa pili lipo pia. Mwenye nyumba ya Milimani anayejumlisha bei ya ploti katika thamani ya bima analipia kitu kisichoungua, na hatapata senti ya ziada kwa hilo kwa sababu bima hurudisha hasara na haitoi faida. Mthamini aliyesajiliwa angeyaondoa makosa yote mawili kwa ziara moja.

Faida nyingine ni ya kisheria, nayo husahaulika hata na mawakala. Mwombaji wa bima anatakiwa kueleza wazi kila jambo zito analolijua kuhusu nyumba, na akinyamaza, kampuni inaweza kuukana mkataba. Msingi huo ulielezwa London mwaka 1766 na Lord Mansfield katika kesi ya Carter dhidi ya Boehm, iliyohusu bima ya ngome ya Waingereza kisiwani Sumatra iliyotekwa na Wafaransa. Watu huikumbuka kesi hiyo kwa wajibu iliouweka juu ya mwenye bima, lakini aliyeshinda pale ni mwenye bima. Mahakama ilisema kwamba hana haja ya kumweleza mtoa bima jambo ambalo huyo tayari analijua au anapaswa kulijua. Lichukue jambo hilo hadi Nakuru. Kampuni iliyomtuma mkaguzi wake, naye akauona ufa na kuupiga picha, itapata taabu kudai baadaye kwamba ilifichwa. Ukaguzi huhamisha ujuzi kutoka kichwa cha mwenye nyumba hadi faili la kampuni, na ujuzi ukishahama, hoja ya kufichwa nayo hupungua nguvu.

Wapinzani wa ukaguzi nao wana hoja ambazo siwezi kuzipuuza. Ripoti iliyoandikwa leo inaweza kusomwa vibaya kesho. Mikataba ya nyumba kwa kawaida haifidii uchakavu, mchwa, ujenzi mbovu wala uharibifu unaokuja polepole, na ripoti inayosema kwamba paa lilikuwa na kutu ni ushahidi uliokwisha kuandaliwa dhidi ya dai la upepo kung'oa mabati. Mkaguzi akiagiza vyuma vya madirisha viwekwe au nyaya zibadilishwe ndani ya muda fulani, sharti hilo huingia katika mkataba, na mtu aliyechelewa kwa sababu ya ada za shule anabaki na bima aliyoilipia lakini isiyoweza kumsaidia. Zaidi ya hayo, mkaguzi anayelipwa na kampuni huona kwa macho ya kampuni. Mwenye nyumba anayesaini ripoti bila kupewa nakala yake amesaini hati ambayo siku moja atasomewa na mtu mwingine.

Halafu kuna gharama. Tuseme kiwango cha malipo ni asilimia 0.15 ya thamani ya jengo. Nyumba ya shilingi milioni 6 huleta shilingi 9,000 kwa mwaka. Kumtoa mtaalamu mjini Nakuru hadi Molo au Subukia, kumlipia usafiri na siku yake ya kazi na kuandika ripoti, kunaweza kumeza sehemu kubwa ya fedha hizo kabla kampuni haijaweka akiba kwa ajili ya dai lolote. Kampuni ikilazimishwa kukagua kila nyumba, itapandisha malipo au itaacha kuuza bima nje ya miji mikubwa, katika nchi ambayo bima yote kwa ujumla bado ni karibu asilimia 2 tu ya pato la taifa. Ikumbukwe pia kwamba wanaoifahamu bima ya majengo kwa sababu benki imewalazimisha ni wachache, kwa kuwa mikopo ya nyumba nchini ilikuwa takriban 30,000 mwaka 2023. Wengine wote wangekata bima kwa hiari, na hiari huvunjwa haraka na masharti.

Jimbo la Florida nchini Marekani linaonyesha namna ukaguzi unavyoweza kugeuka ngao ya mteja. Huko, kampuni nyingi hudai ripoti ya mambo manne kwa nyumba kongwe: paa, umeme, mabomba, na mitambo ya joto na baridi. Jambo hilo lilikuwa limegeuzwa njia ya kuwakataa watu, hadi sheria ya mwaka 2022 ilipokataza kampuni kukataa kutoa au kuhuisha bima kwa sababu ya umri wa paa peke yake ikiwa paa halijatimiza miaka 15. Likitimiza, mwenye nyumba anaruhusiwa kumleta mkaguzi, na akithibitisha kwamba paa limebakiza angalau miaka 5 ya kutumika, umri hauwezi tena kuwa sababu. Vimbunga vya Florida havifiki Kisumu, na sidai kwamba tuige utaratibu wao wote. Kinachofaa kuangaliwa ni kwamba ripoti imepewa uzito unaoibana kampuni.

Lakini hata ukaguzi mzuri huishia uani. Usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la Patel huko Solai lilipopasua kingo zake na kuua zaidi ya watu 40, nyumba zilizosombwa hazikuwa na kosa, kwa kuwa hatari ilikuwa juu mlimani, katika ardhi ya mtu mwingine. Ziwa Nakuru nalo limekuwa likipanuka kwa zaidi ya muongo mmoja, na Ziwa Victoria lilifikia Mei 2020 kina kilichoipita rekodi ya 1964. Mkaguzi aliyezitazama nyumba za kando ya maziwa hayo mwaka 2009 angeandika kwamba ziko salama, na angekuwa mkweli. Anayezitazama leo ataziwekea alama nyekundu, kwa sababu bima hulipia jambo linaloweza kutokea, wala si jambo ambalo tayari linapiga hodi. Hapa ndipo ninapokubaliana na wapinzani: kwa familia ya mtaa wa Mwariki, karibu na Ziwa Nakuru, ambayo maji yameikaribia, ukaguzi wa bima hauongezi usalama wowote, unaithibitishia tu kwamba haitauziwa.

Kwa nyumba nyingine zote, maoni yangu ni kwamba ukaguzi una thamani ukitimiza mambo mawili. Kwanza, ulingane na ukubwa wa nyumba. Bungalo ya kawaida kule Kiamunyi au Mamboleo inatosha kupigwa picha kwa simu kila upande, zikiambatana na karatasi ya fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati na petroli, na makadirio ya gharama ya kujenga upya. Ziara ya mtaalamu ibaki kwa majengo ya ghorofa, nyumba kongwe, na zile zilizobadilishwa matumizi, kwa mfano pale ambapo chumba cha mbele kimekuwa duka au uani kumejengwa vyumba vya kupangisha. Mabadiliko ya aina hiyo ndiyo huangusha madai mengi kuliko watu wanavyodhani, na mwenye nyumba anapaswa kuyaeleza kwa maandishi kila anapohuisha bima, awe amekaguliwa au hajakaguliwa.

Pili, ripoti imfikie mwenye nyumba kabla hajalipa, ili apinge asichokubaliana nacho au aende kwa kampuni nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuziona taarifa zinazomhusu zilizo mikononi mwa wengine, na ingawa kampuni inaweza kubisha kwamba taarifa za paa si taarifa za mtu, picha za vyumba anamoishi, zikiwa zimehifadhiwa chini ya jina lake na namba ya kitambulisho chake, ni vigumu kuzitenganisha naye. Ombi hilo liandikwe mapema, kwa barua au baruapepe inayobaki na tarehe, kwa sababu likiandikwa baada ya moto litapokewa kama mwanzo wa kesi.