Ziara ya Shule Nje ya Nchi: Mgeni Apewe Jembe Mapema

Shule ikipanga safari ya nje, mjadala huwaka kwenye malazi na chakula: wanafunzi wakae hotelini wote pamoja, au wagawanywe kwa familia za wenyeji wale kinachopikwa humo? Wazazi wengi huegemea hoteli. Mimi naegemea familia, ingawa wanaokataa wana hoja nzito.

Kubwa ni afya. Kuhara ndiyo maradhi yanayowasumbua wasafiri zaidi, na mara nyingi chanzo ni bakteria waliomo kwenye maji, barafu au mboga mbichi. Kwa wengi ni adha ya siku chache. Kwa mwenye mzio wa karanga au ufuta, kijiko kimoja cha mchuzi kinaweza kumbana pumzi ndani ya dakika chache. Huyo asipelekwe nyumba yoyote kabla mwenyeji hajapewa maelezo yaliyoandikwa kwa lugha yake mwenyewe, na sindano ya adrenalini, ya kumwokoa akibanwa hivyo, iwe mkononi mwa mwanafunzi mwenyewe na watu wa nyumba wajue kuitumia. Ikibaki kwenye begi la mwalimu upande wa pili wa mji haimsaidii. Wapo pia wanaofuata halali au kosher, yaani sheria za chakula za Kiyahudi. Kuwaambia "onjeni tu kidogo" ni kuwavunjia heshima. Na mzazi anayeuliza nani ameikagua familia atakayolala mwanawe anauliza swali la haki. Shule isiyo na jibu ibaki hotelini.

Lakini hoteli nayo ina hasara yake. Chakula chake hupikwa ili mgeni wa popote asishtuke, na wanafunzi hukaa wenyewe kwa wenyewe wakizungumza lugha yao. Wanarudi wameona majengo.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, alieleza kwamba watu wa makundi tofauti wakikutana chuki hupungua, hasa wakiwa na hadhi sawa, lengo moja, ushirikiano, na wakuu wao wakiunga mkono. Mwaka 2006 wanasaikolojia Thomas Pettigrew na Linda Tropp walichambua tafiti zaidi ya 500 wakaona kwamba kukutana husaidia hata masharti hayo yasipotimia yote, ila yakitimia faida huongezeka.

Sasa itazame familia inayompokea mwanafunzi. Vyombo vya wageni vinatolewa, anapakuliwa wa kwanza, anakatazwa kunyanyua hata sahani. Ni ukarimu wa kweli, lakini hadhi sawa haipo hapo, na maisha ya kila siku ya nyumba ile yamesimamishwa kwa ajili yake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa safari hizi ningelitoa siku ile ile ya kwanza. Anayemenya vitunguu jikoni na kijana wa rika lake ataona nani anapakua, nani husubiriwa kabla watu hawajaanza kula, kiporo kinafanywa nini, na nani huinuka mezani bila kugusa chombo. Na yule kijana hatamhudumia tena. Watakuwa wanafanya kazi pamoja.

Ratiba nyingi huliharibu jambo hili kwa haraka: usiku mmoja kwa familia, asubuhi basi linangoja nje kwenda makumbusho. Hata ulimi hauzoei hivyo. Watoto wadogo huhitaji kuonja chakula kigeni mara 10 au zaidi kabla ya kukikubali, na vijana nao hawabadiliki kwa karamu moja. Ningefuta nusu ya vivutio ili mwanafunzi apate siku kadhaa za kwenda sokoni, kupanda basi la abiria na kukaa darasani na mwenyeji wake. Gharama za familia zilipwe pia, maana mdomo mmoja zaidi mezani una bei.

Kama bajeti haitoshi kwa zaidi ya usiku mmoja, ni heri walale hotelini, kisha watumie mchana mzima kupika na wanafunzi wenzao katika jiko la shule mwenyeji, mwalimu wao akiwa karibu na mwenye mzio.